Benki Ikipandisha Riba Bila Kukuuliza: Namna ya Kudai Chako Ukiwa Eastlands

Tarehe 20 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Kenya ilitoa hukumu ambayo watu wengi wa Eastlands, Nairobi, waliisikia juujuu kwenye habari za jioni. Benki ya Stanbic ilikuwa imekata rufaa dhidi ya kampuni iitwayo Santowels, na swali kubwa lilikuwa kama benki inaweza kupandisha riba ya mkopo bila idhini ya Waziri wa Fedha. Majaji wakasema haiwezi. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinazuia benki kuongeza gharama zake kabla ya kupata idhini ya waziri, na riba ni sehemu ya gharama hizo. Kwa miaka mingi benki zilishikilia kwamba kifungu hicho ni cha ada za kawaida tu, na kwamba riba ni suala la soko na mkataba.

Hukumu hiyo ni ya fundi wa Kariobangi Light Industries kama ilivyo ya kampuni kubwa. Lakini hakuna afisa atakayebisha mlango wako Umoja au Kayole akiwa na bahasha ya marejesho. Kinachoumiza ni kwamba pesa wanazokatwa wakazi wengi wa huku ni shilingi 5,000, au 10,000, labda 40,000. Hakuna wakili wa mjini atakayeshughulika na dai la 10,000, maana ada yake pekee inalizidi dai lenyewe. Ndiyo sababu benki haina wasiwasi nawe. Dai dogo ni lazima ulisukume mwenyewe, na mwongozo huu ni wa kukuonyesha njia.

Hatua ya kwanza: jua aliyekukopesha ni nani kisheria

Mitaani tunasema "benki" hata tukimaanisha apu ya simu, sacco ya matatu, au jamaa wa mtaa anayeshika kitambulisho chako mpaka umalize deni. Kisheria hawa si kitu kimoja, na kila mmoja ana msimamizi wake. Benki za biashara na benki ndogo za mikopo ziko chini ya Benki Kuu. Sacco zinazopokea amana zinasimamiwa na SASRA, na kesi zake huenda kwenye Baraza la Vyama vya Ushirika. Apu za mikopo zilianza kuhitaji leseni ya Benki Kuu kupitia kanuni za Machi 2022. Jamaa wa mtaa mara nyingi hana leseni yoyote, ila mahakama na polisi wapo.

Mikopo ya simu ndiyo inayochanganya watu. M-Shwari, iliyoanza Novemba 2012, na Fuliza, iliyoanza Januari 2019, hutumia jina la M-Pesa, lakini anayekopesha ni benki iliyo nyuma ya kampuni ya simu. Fungua masharti ya huduma kwenye simu yako na usome jina la mkopeshaji. Barua yako itaandikwa kwa jina hilo. Ukimwandikia asiyehusika, utapoteza mwezi mzima ukingoja jibu lisilokuja.

Huenda uko mbele ya mkopeshaji asiye na leseni. Orodha ya walio na leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu, na saiba yoyote ya Mutindwa itakuchapishia.

Hatua ya pili: kusanya karatasi kabla hujasema neno

Watu wengi huanza kwa kwenda tawini kulalamika. Wanapokelewa kwa heshima, wanaambiwa suala litashughulikiwa, wanarudi nyumbani. Hakuna kilichoandikwa. Usianze hivyo.

Unahitaji barua ya ofa ya mkopo, ile uliyotia sahihi ukiwa na haraka ya pesa. Kama huna, benki inayo. Unahitaji stetimenti ya akaunti ya mkopo yenyewe, tangu siku ya kwanza hadi leo. Stetimenti ya akaunti yako ya kawaida haitoshi. Unahitaji pia kila SMS na barua pepe iliyokupa habari za mabadiliko ya riba, na kama ni mkopo wa simu, picha za skrini zenye tarehe. Usifute SMS hata moja. Ukibadilisha simu, zihamishe kwanza.

Benki ikisita kukupa stetimenti, ikumbushe Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inakupa haki ya kufikia taarifa zako zinazoshikiliwa na mtu mwingine, na historia ya mkopo wako ni taarifa zako. Omba kwa maandishi. Ombi la mdomo halina ushahidi.

Katika barua ya ofa, tafuta mambo manne na uyapigie mstari kwa kalamu: kiwango cha riba, namna riba inavyohesabiwa, maneno yanayoipa benki ruhusa ya kubadilisha riba, na orodha ya ada. Kwenye ada hizo, angalia bima ya mkopo. Uingereza ilipata kashfa yake kubwa kabisa ya benki kutokana na bima ya aina hii. Mamilioni ya wateja waliuziwa bima ya kulipia mkopo ambayo hawakuiomba, au ambayo isingeweza kuwalipa kamwe, kwa mfano mtu aliyejiajiri kuuziwa bima ya kupoteza kazi. Hadi dirisha la madai lilipofungwa 29 Agosti 2019 na hesabu kukamilishwa, benki zilikuwa zimerudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Kama kuna bima kwenye mkopo wako, uliza inalipa lini na inamlipa nani. Halafu uliza cheti chake kiko wapi.

Hatua ya tatu: piga hesabu

Hapa ndipo kesi hushinda au hufa. Hasira haisomeki kwenye stetimenti, tarakimu zinasomeka.

Anza na namna riba inavyohesabiwa. Tuseme fundi wa vyuma amekopa shilingi 300,000 kwa miaka 3, riba asilimia 13 kwa mwaka. Riba ikipigwa kwa salio linalopungua, atalipa takriban 10,108 kila mwezi, na mwisho wa safari riba yote itakuwa kama 63,900. Riba hiyohiyo ikipigwa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho bila kujali alicholipa, itakuwa 117,000, yaani 11,583 kwa mwezi. Asilimia ni ileile, tofauti ni zaidi ya 53,000. Kama barua ya ofa inasema salio linalopungua na stetimenti inaonyesha hesabu ya pili, una dai zito kuliko yote nitakayoyataja hapa.

Sasa tuseme hesabu ni ya salio linalopungua, lakini baada ya miezi 12 benki ikapandisha riba kutoka asilimia 13 hadi 17. Salio wakati huo ni kama 212,600. Malipo ya mwezi yanapanda hadi takriban 10,512. Nyongeza ni shilingi 404 hivi kwa mwezi, na kwa miezi 24 iliyobaki inafika karibu 9,700. Mtu mmoja hataamka usiku kwa 404. Benki yenye wakopaji laki moja wa namna hiyo inapata shilingi milioni 40 kila mwezi.

Hesabu hizi haziulizi shahada. Kompyuta ya saiba ina programu ya kuzipiga, na mwanafunzi wa biashara wa sekondari anaweza kukusaidia. Hakikisha tu umeandika safu tatu: ulichopaswa kulipa kila mwezi, ulichokatwa, na tofauti. Jumla ya safu ya tatu ndiyo dai lako.

Kuna hesabu nyingine kwa waliolemewa na deni la zamani. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kilichoanza kazi tarehe 1 Mei 2007, kinaweka kikomo cha kile benki inachoweza kudai mkopo ukishakuwa mbovu, yaani kwa kawaida ukikaa siku 90 bila kulipwa. Benki itadai salio la msingi lililokuwepo siku mkopo ulipoharibika, na riba isiyozidi salio hilo, pamoja na gharama halali za kufuatilia deni. Ulikopa 150,000, ukalipa hadi msingi ukabaki 80,000, kisha biashara ya Gikomba ikaungua. Hata miaka 10 ikipita, msingi na riba kwa pamoja havivuki 160,000. Ukiletewa dai la 400,000, usianze kwa kuomba kupunguziwa. Anza kwa kuuliza mkopo uliharibika tarehe gani na msingi ulikuwa kiasi gani siku hiyo.

Kwa mikopo mipya kuna jambo la kuzingatia. Agosti 2025 Benki Kuu ilitangaza mfumo mpya wa kupanga riba za mikopo zinazobadilika. Riba inajengwa juu ya kiwango kiitwacho KESONIA, ambacho ni wastani wa riba ya benki kukopeshana kwa usiku mmoja, kisha benki inaongeza sehemu yake kulingana na hatari ya mkopaji. Benki ikikuambia riba imepanda kwa sababu ya KESONIA, uliza sehemu mbili tofauti: KESONIA ilikuwa ngapi siku ile na leo ni ngapi, na sehemu ya benki ilikuwa ngapi siku ile na leo ni ngapi. Ya kwanza unaweza kuihakikisha kwa Benki Kuu. Ya pili ikiwa imepanda kimyakimya, hapo pana la kuuliza.

Hatua ya nne: iandikie benki, kwa Kiswahili ukipenda

Kiswahili ni lugha rasmi kwa mujibu wa Katiba, kwa hiyo usione haya. Barua ikae kwenye ukurasa mmoja. Usisimulie shida zako za karo na kodi, kwa sababu anayeisoma anatafuta kitu cha kujibu na shida hazijibiki. Mfano:

"Mimi ni mteja wenu wa mkopo namba fulani. Mnamo mwezi na mwaka fulani mlipandisha riba kutoka asilimia fulani hadi asilimia fulani. Naomba mnipatie: nakala ya notisi mliyonipa kabla ya mabadiliko hayo na tarehe niliyoipokea; nakala ya idhini ya Waziri wa Fedha chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki; na mchanganuo wa ada zote mlizonikata tangu siku ya kwanza. Kwa hesabu niliyoambatanisha, nimekatwa shilingi kadhaa zaidi ya mkataba. Naomba zirudishwe ndani ya siku 14. Bila jibu, nitapeleka suala hili kwa wasimamizi na mahakamani bila kuwaarifu tena."

Peleka nakala mbili tawini. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wenye tarehe. Tawi likikataa kugonga muhuri, tuma kwa barua pepe ya huduma kwa wateja na pia kwa posta ya rejista. Risiti ya posta ni ushahidi.

Huenda ukajibiwa kwamba ulipewa notisi kwa tangazo la gazeti au SMS, na kwa kuwa hukupinga, ulikubali. Jibu hili lilishazama Ulaya. Tarehe 27 Aprili 2021 mahakama kuu ya rufaa ya Ujerumani mjini Karlsruhe iliamua kesi ambayo shirikisho la vyama vya kutetea wateja liliifungua dhidi ya Postbank. Benki ilikuwa na sharti kwamba mteja asipopinga mabadiliko ndani ya miezi miwili, amekubali. Mahakama ikalitupa sharti hilo: kimya cha mteja hakiwezi kuwa ridhaa ya kubadilisha karibu chochote kwenye mkataba. Benki za Ujerumani zikajikuta na mzigo wa kuwaomba wateja kibali upya na kurudisha ada. Hukumu ya Karlsruhe haimfungi hakimu wa Makadara. Ila sisi tunayo yetu, na kwa maoni yangu ni kali zaidi, kwa sababu Sheria ya Ushindani ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 56, inasema mtoa huduma asitoze ada ambayo mteja hakujulishwa kabla ya kutozwa, iwe imepewa jina gani. Na kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinaenda mbele: hata ungekubali wewe, idhini ya waziri bado inatakiwa.

Hatua ya tano: chagua mlango wa msimamizi, ukijua utapata nini humo

Siku 14 zikiisha bila jibu la maana, una milango mitatu, na yote haina ada.

Benki Kuu, Haile Selassie Avenue, inapokea malalamiko dhidi ya taasisi ilizozipa leseni. Mamlaka ya Ushindani, iliyo CBK Pension Towers, Harambee Avenue, inashughulikia ada zilizofichwa, matangazo ya uongo na masharti ya kumkandamiza mteja. Hawa ndio waliozilazimisha huduma za fedha za simu, mwaka 2016, kuonyesha gharama kabla mteja hajathibitisha muamala. Ile tarakimu unayoiona kabla ya kubonyeza kukubali haikuja kwa hiari ya mtu. Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data ni ya wale ambao mkopeshaji amewapigia simu bosi, shemeji na mchungaji kuwatangazia deni. Kanuni za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji. Septemba 2023 ofisi hiyo iliitoza faini ya shilingi 2,975,000 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, kwa mambo ya namna hiyo.

Sasa jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Msimamizi kazi yake kubwa ni kumwadhibu mkosaji na kusafisha soko, na faini haziingii mfukoni mwako. Tazama Ulaya tena: tarehe 16 Mei 2019 Tume ya Ulaya ilizitoza Barclays, RBS, Citigroup, JPMorgan na MUFG jumla ya euro bilioni 1.07 kwa kupanga pamoja biashara ya kubadilisha sarafu, wafanyabiashara wao wa sarafu wakipeana siri kwenye vikundi vya gumzo. Pesa zote zilielekea kwenye bajeti ya Umoja wa Ulaya. Mteja aliyeumia ilibidi afungue kesi yake mwenyewe. Hapa Kenya faini inayotozwa na Mamlaka ya Ushindani nayo ni ya serikali.

Kwa hiyo nenda kwa msimamizi kwa sababu mbili tu. Kwanza, benki hujibu barua haraka zaidi ikijua Benki Kuu ina nakala. Pili, majibu ya msimamizi, na hata kukosa majibu, utayatumia mahakamani. Usikae mwaka mzima ukingoja msimamizi akupiganie kwa shilingi 9,700. Mlango wa kurudishiwa pesa ni wa mahakama.

Kabla ya mahakama, safisha jina CRB

Benki ikigundua unapinga deni, inaweza kukuripoti kwa mashirika ya taarifa za mikopo, yaani CRB. Kenya ina matatu yenye leseni: TransUnion, Metropol na Creditinfo. Una haki ya ripoti moja bure kila mwaka kutoka kwa kila moja. Chukua zote tatu, kwa sababu kosa linaweza kuwa kwa moja na lisiwe kwa jingine. Kanuni za Aprili 2020 zinataka upewe notisi ya siku 30 kabla ya kuripotiwa vibaya, na zinakataza kuripotiwa kwa deni la chini ya shilingi 1,000.

Ukipinga taarifa kwa maandishi, shirika lina siku 21 kuchunguza. Likishindwa kumaliza, lifute taarifa hiyo. Cheti cha kwanza cha kusafishwa ni bure. Yule kijana wa Donholm anayetoza 3,000 "kukutoa CRB" anakuuzia kitu unachopewa bila malipo, au anakuuzia hewa.

Hatua ya sita: Mahakama ya Madai Madogo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni silaha ambayo watu wa Eastlands hawajaizoea bado.

Sheria iliyoanzisha mahakama hii ni ya mwaka 2016. Mwaka 2020 kikomo cha dai kilipandishwa kutoka shilingi 200,000 hadi milioni 1, na tarehe 26 Aprili 2021 mahakama ya kwanza ikaanza kazi Milimani. Tangu hapo zimefunguliwa nyingine. Anza kwa kuulizia kwenye dawati la Mahakama za Makadara, karibu na Jogoo Road, ni kituo gani kitakachosikiliza dai lako.

Sheria inataka kesi isikilizwe mfululizo na hukumu itoke ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unaweza kujisimamia, au kumtuma mtu unayemwamini akusemee. Kanuni kali za ushahidi zimelegezwa, na unaweza kusema kwa Kiswahili. Madai yake ni pamoja na mikataba ya huduma na pesa zilizoshikiliwa na mtu asiyestahili kuwa nazo. Dai la kukatwa ada au riba nje ya mkataba linaingia humo. Lisiloingia ni mgogoro wa umiliki wa ardhi, kuchafuliwa jina, na mambo ya kazi.

Fomu ya dai hujazwa na kuwasilishwa kwa mfumo wa mtandaoni wa mahakama. Kama hujui kompyuta, mhudumu wa saiba au wa mahakama atakuelekeza. Mdaiwa ni benki kwa jina lake kamili la usajili, sio meneja wa tawi la Buruburu. Yule ni mwajiriwa tu na kumshtaki kutakupotezea muda. Ambatanisha barua ya ofa, stetimenti, safu zako tatu za hesabu, barua yenye muhuri, na majibu yote. Omba kurudishiwa kiasi fulani, riba juu yake, na gharama za kesi.

Benki itakuja na wakili. Usiogope suti. Huenda akasema kwamba kesi ni ngumu na inastahili mahakama kubwa. Jibu lako ni fupi: mkataba unasema asilimia 13, stetimenti inasema 17, na idhini ya waziri haijaonyeshwa. Mara nyingi kabla ya kusikilizwa atakuita pembeni akupe nusu. Uamuzi ni wako, lakini chochote mtakachokubaliana kiandikwe na kisajiliwe mahakamani siku hiyohiyo. Ahadi ya kwenye korido haina thamani.

Ukishindwa, rufaa huenda Mahakama Kuu, na ni kwa hoja za sheria peke yake. Na kushindwa kupo. Novemba 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliziunga mkono benki katika kesi iliyokuwa inasubiriwa na mamilioni ya wateja waliotozwa ada za kutumia zaidi ya salio. Serikali ilikuwa na hoja ya uonevu, lakini ada zile zilikuwa zimeandikwa wazi na zilihesabiwa kuwa bei ya huduma. Kwa hiyo kama ada imetajwa kinagaubaga kwenye ofa uliyosaini na haijaongezwa, usipoteze nauli kuipinga kwa sababu tu ni kubwa. Piga vita dhidi ya kilichoongezwa baadaye, kilichofichwa, au kilichohesabiwa visivyo.

Kama mko wengi, mfano wanachama wa chama kimoja waliokopa benki moja kwa masharti sawa, Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inaruhusu mtu mmoja kushtaki kwa niaba ya kundi. Hiyo ni kesi ya Mahakama Kuu na inahitaji wakili, lakini watu 200 wakichangia, gharama inabebeka. Kifungu cha 46 cha Katiba kuhusu haki za mtumiaji kitakuwa nguzo yenu.

Nyumba ikiwa dhamana

Ukiwa umeweka hati ya kiwanja au logibuku, mambo ni tofauti na wakili ni lazima. Jua tu vipindi hivi. Kwa hati ya ardhi, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka kwanza uwe umeshindwa kulipa kwa mwezi mmoja, kisha upewe notisi isiyopungua miezi mitatu, halafu notisi nyingine ya siku 40 kabla ya kuuza. Dalali naye ana notisi yake ya siku 45. Benki inawajibika kutafuta bei nzuri. Ikiuza kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya soko, sheria inachukulia kwamba imekiuka wajibu huo hadi ithibitishe vingine. Na kama ni nyumba ya familia, mwenzi wako alipaswa kuridhia. Notisi moja ikiruka, wakili anaweza kuomba amri ya kusimamisha mnada. Wenye cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi badala ya hati wamwonyeshe wakili cheti chenyewe mapema, maana vipindi hivi vinahusu dhamana iliyosajiliwa.

Mwisho, saa inakimbia

Sheria ya ukomo wa madai, Sura ya 22, inakupa miaka 6 kudai kwa msingi wa mkataba. Makato yote yaliyofikisha miaka 6 mwezi huu yanatoka mkononi mwako mwezi huu, hata hukumu ya Santowels iwe upande wako. Barua kwa benki haisimamishi saa hiyo. Kufungua kesi ndiko kunakoisimamisha. Omba stetimenti ya mkopo wiki hii.